Jinsi ya kuunda bao la udongo uani bila gharama

WAZAZI wanaoishi Keumbu, Kaunti ya Kisii, hawalazimiki kwenda dukani ili kuwapatia watoto wao mchezo wa kunoa akili wakati wa likizo. Udongo ulio uani mwao unatosha kuundia bao, mchezo ambao umechezwa Afrika Mashariki kwa vizazi vingi.

Bao la Waswahili huwa na mashimo 32, yaliyopangwa katika safu nne za mashimo manane, na kete 64. Waganda wana omweso, wenye mpangilio uo huo, ilhali Waluo, ambao ni majirani wa Abagusii, hucheza ajua, ambayo ina safu mbili. Katika Pwani ya Kenya na Zanzibar, bao huchongwa kwa mti na kete huwa mbegu za mkomwe.

Huko Tabaka, katika kaunti iyo hiyo ya Kisii, mafundi huchonga vifaa vya michezo ya aina hii kwa mawe ya sabuni. Hata hivyo, kazi zao nyingi huuzwa kwa watalii na katika masoko ya ng'ambo. Bao la udongo halihitaji fundi.

Adui mkubwa wa bao la uani ni maji. Nyanda za juu za Kisii hupata mvua ya zaidi ya milimita 1,500 kwa mwaka, hivyo mashimo yaliyochimbwa chini hufurika na kubomoka. Kwa sababu hiyo, ni heri kuinua tuta kuliko kuchimba ardhini.

Chagua mahali penye kivuli, mbali na njia ya ng'ombe. Pandisha tuta la udongo lenye urefu wa mita moja na robo, upana wa sentimita 70 na kimo cha sentimita 15, kisha ulishindilie vizuri. Hata penye shamba dogo, nafasi hiyo haikosekani.

Tuta likiwa bado na unyevu, bonyeza mashimo yenye upana wa sentimita 10 na kina cha sentimita tano, ukiacha sentimita tatu kati yake. Upana huo huruhusu mkono wa mtoto kuzoa kete. Mtu mzima alisiribe kwa udongo uliochanganywa na kinyesi cha ng'ombe, kama ukuta wa nyumba ya udongo, kisha likauke polepole kivulini ili lisipasuke. Nyakati za mvua, lifunikwe kwa kipande cha bati.

Kete zaweza kuwa vijiwe laini vya mtoni. Maharagwe hayafai sana, kwani kuku huyadonoa na yakilowa huota. Mbegu za mbarika zisitumiwe kamwe, kwa kuwa zina sumu kali. Aidha, watoto wadogo wanaopenda kutia vitu kinywani wasiachwe peke yao karibu na kete.

Wanaoanza hucheza bao la kujifunza, ambapo kila shimo hutiwa kete mbili. Mchezaji humiliki safu mbili zilizo upande wake. Huzoa kete za shimo moja na kuzigawa mojamoja katika mashimo yanayofuata. Kete ya mwisho ikiangukia shimo tupu, amelala, na zamu huhamia kwa mwenzake. Ikiangukia shimo la safu ya mbele lenye kete, na shimo la mpinzani linalolikabili pia lina kete, huzila na kuzigawa upande wake. Anayebaki bila kete katika safu ya mbele ameshindwa.

Mtoto anayecheza hivyo hujumlisha, hutoa na kukadiria bila kuambiwa kwamba anafanya hesabu. Kinachosalia ni mzee wa boma kutenga saa moja kumwonyesha, kwani mbinu za bao hufunzwa kwa kucheza, si kwa kusimuliwa.