Programu siku hizi hununui, unapanga

Wadau, kuna swali naulizwa sana hapa kafe: hivi hizi programu za biashara zimehamia mtandaoni kivipi, na sisi vijana inatuhusu nini? Haya, twende taratibu.

Zamani ulikuwa unanunua CD, unaipakia kwenye kompyuta yako, basi, imekuwa mali yako. Ila kompyuta ikifa, na hesabu zako zimekufa nayo.

Mwaka 1999 kule San Francisco, Marekani, Marc Benioff na wenzake wakaanzisha Salesforce. Wao hawakuuza CD. Programu ilikaa kwenye mitambo yao wenyewe, mteja anaingia kwa intaneti na neno lake la siri, halafu analipia ada. Wengine wakafuata. 2006 Google wakainunua Writely, ikaja kuwa Google Docs. 2011 Microsoft wakatoa Office 365. 2013 Adobe wakatangaza kuwa matoleo mapya ya Photoshop ni ya kulipia usajili tu, hununui tena moja kwa moja.

Kwetu sisi tusio na kompyuta hii ni neema jamani! Unaanza barua ya kuomba kazi kwenye mashine namba 3, kesho unaimalizia namba 7, au hata kafe ya mtaa mwingine.

Lakini mpangaji ni mpangaji, ufunguo anao mwenye nyumba. Oktoba 2019 Adobe walitangaza watafunga akaunti zote za Venezuela kwa sababu ya vikwazo vya Marekani. Baadaye mwezi huohuo wakapata kibali, wakaghairi. Sasa fikiria mchora mabango wa Caracas: kalipa, kosa hana, na kazi zake zilikuwa zinaning'inia.

Na Mei 2024 nyaya za baharini za EASSy na SEACOM zilipokatika, intaneti ikayumba Tanzania, Kenya na kwingineko. Mwenye daftari la madeni mtandaoni tu, siku kama ile anamdai nani?

Kwa hiyo mimi nasema tumia, ila kila wiki shusha nakala uweke kwenye fleshi. Na hapa kafe, toka kwenye akaunti yako kabla hujanyanyuka kitini, la sivyo anayefuata atasoma mauzo yako yote.

Je wewe, hesabu za biashara yako unaziweka wapi? Tupia maoni hapo chini.