Mkemia Katika Kiti cha Jaji

Mwanamke ambaye mama yake na dada yake wameugua saratani ya matiti huenda amerithi kasoro katika jeni za BRCA1 au BRCA2. Kipimo cha damu hubaini kasoro hiyo. Nchini Marekani, kwa miaka mingi hadi 2013, kipimo kamili cha jeni hizo kiliuzwa na kampuni moja tu, Myriad Genetics, kwa bei iliyozidi dola 3,000. Aliyetaka majibu yake yahakikiwe na maabara nyingine hakuwa na pa kwenda. Mitambo ilikuwapo, na wataalamu pia. Kizuizi kilikuwa hataza.

Hataza ni haki ambayo serikali humpa mvumbuzi, kwa kawaida kwa miaka 20 tangu siku ya maombi, ya kuwazuia wengine wasitengeneze, wasitumie wala wasiuze uvumbuzi wake bila idhini. Naye hulazimika kuueleza uvumbuzi huo hadharani. Maelezo hayo huandikwa na wakili wa hataza, ambaye Marekani haruhusiwi kumwakilisha mvumbuzi mbele ya Ofisi ya Hataza asipokuwa na elimu ya sayansi au uhandisi na kufaulu mtihani wa ofisi hiyo.

Alan Lourie, aliyezaliwa Boston mwaka 1935, aliifuata njia hiyo hadi mwisho wake. Alisoma Harvard, akapata shahada ya umahiri Wisconsin, kisha uzamivu wa kemia katika Chuo Kikuu cha Pennsylvania mwaka 1965. Alifanya kazi Monsanto na Wyeth kabla ya kuhamia SmithKline, kampuni iliyokuja kuleta cimetidine, dawa ya vidonda vya tumbo ambayo tabibu yeyote wa rika langu aliwahi kuiandika. Akiwa mwajiriwa huko alisomea sheria Temple, akahitimu mwaka 1970, na hatimaye akaongoza shughuli za hataza za kampuni. Mwaka 1990 Rais George H. W. Bush alimteua kuwa jaji wa rufani, na Seneti ikamthibitisha.

Mahakama aliyoingia, iitwayo Federal Circuit, iliundwa mwaka 1982. Majaji wake 12 hupokea rufani za hataza kutoka majimbo yote, hivyo neno lao huwafikia wagonjwa wengi kuliko wanavyodhani.

Mwaka 2009 chama cha wataalamu wa patholojia ya molekuli, pamoja na madaktari na wagonjwa, waliishtaki Myriad. Rufani iliposikilizwa na majaji watatu, Lourie ndiye aliyeandika hukumu ya mwaka 2011, na tena ya 2012. Alifikiri kama mkemia: ili kuitenga jeni, vifungo vya kikemia vinavyoiunganisha na kromosomu huvunjwa, kwa hiyo kinachopatikana ni molekuli mpya isiyopatikana mwilini. Jaji William Bryson hakukubali. Kwake, kuitenga jeni ni sawa na kuchuma jani mtini, na jani halibadiliki likawa uvumbuzi.

Tarehe 13 Juni 2013 Mahakama ya Juu, kwa kauli moja, ilitamka kwamba kipande cha DNA asilia hakipewi hataza kwa sababu tu kimetengwa. Ile DNA inayoundwa maabara kutokana na RNA, isiyo na sehemu zisizobeba maelekezo ya protini, iliruhusiwa. Siku hiyohiyo maabara nyingine zilitangaza kuanza kupima, baadhi kwa bei nafuu.

Wapo waliodai kwamba Lourie aliipendelea sekta iliyomlea. Sioni hivyo. Kuhusu vifungo vya kikemia hakukosea. Ila daktari anayeagiza kipimo hiki hatafuti molekuli, hutafuta habari iliyoandikwa ndani yake, nayo ni ileile iwe mwilini au kwenye chupa ya maabara.

Jambo moja hukumu haikuligusa. Kwa miaka ya kupima peke yake, Myriad ilikusanya kumbukumbu nyingi za mabadiliko ya jeni hizo na maana yake kwa mgonjwa, ikazihifadhi kama siri ya biashara. Maabara mpya zilipata ruhusa ya kupima, lakini kwa mabadiliko adimu ziliendelea kumwandikia mgonjwa: maana yake haijulikani.