Safari ndefu ya ndege kwa daraja la kawaida: Mambo 5 ya kulinganisha kabla ya kulipia tiketi

"Shirika gani la ndege ni zuri?" Mfanyabiashara wa Kariakoo anayefuata mzigo Guangzhou anauliza hivyo. Mwanafunzi anayekwenda London anauliza. Mama anayekwenda kumwona mwanawe Marekani naye anauliza hivyo hivyo.

Majibu huwa ni majina: Qatar, Emirates, Ethiopian, Turkish, KLM, Kenya Airways. Lakini kwa abiria wa daraja la kawaida, jina peke yake halitoshi. Shirika lile lile linaweza kumuuzia mtu tiketi nzuri leo, na kesho likamuuzia nyingine ya kumtesa. Cha kulinganisha ni safari yenyewe, na mambo haya matano ndiyo yanayoamua.

1. Mzigo

Hapa ndipo bei chee inapogeuka kuwa ghali. Siku hizi daraja moja lina tiketi za aina kadhaa. Emirates, kwa mfano, ina Special, Saver, Flex na Flex Plus. Siti ni zile zile, ila masharti ya kubadili tarehe na kurudishiwa pesa yanatofautiana. KLM ina tiketi iitwayo Light, ambayo kwa kawaida haina begi la kukabidhi kaunta.

Tuseme tiketi moja ni dola 780 bila begi, na nyingine ni dola 860 ikiwa na mabegi mawili ya kilo 23. Ile ya kwanza inaonekana nafuu. Lakini ikiwa begi moja linalipiwa dola 70 kwenda na dola 70 kurudi, jumla inafika dola 920, tena kwa begi moja tu.

Begi la mkononi nalo lina mipaka. Emirates, Qatar na Ethiopian wanaruhusu kilo 7 kwa daraja la kawaida. KLM wanaruhusu kilo 12, ukijumlisha na mkoba mdogo.

2. Njia na muda wa kusubiri

Safari mbili za saa 18 si lazima zifanane. Kutoka Dar kwenda Guangzhou kupitia Doha, safari inagawanyika vipande viwili virefu: karibu saa 6 mpaka Doha, kisha ndege ya pili. Kupitia Addis Ababa, kipande cha kwanza ni takriban saa 3, halafu unabaki mmoja mrefu ambao abiria anaweza kulala vizuri.

Safari ya moja kwa moja, pale ilipo, inapunguza mashaka. Kenya Airways inaruka Nairobi hadi New York bila kusimama tangu Oktoba 2018, safari ya takriban saa 15. Ni kukaa kwingi, lakini hakuna kubadili ndege wala begi kupotelea njiani.

Muda wa kusubiri ukiwa chini ya saa moja na nusu, ndege ya kwanza ikichelewa kidogo tu, ya pili inaondoka. Ukizidi saa 8, aulize kama shirika linatoa hoteli. Ethiopian na Emirates wana utaratibu huo kwa baadhi ya abiria, ila una masharti, na hoteli haiji yenyewe.

3. Aina ya ndege

Wengi hawaangalii hapa, wakati ndipo mwili unapokaa usiku kucha. Kwenye maelezo ya safari huwa imeandikwa aina ya ndege, wakati mwingine kwa kifupi: 77W ni Boeing 777-300ER, 788 ni Boeing 787-8, na 359 ni Airbus A350-900.

Kwenye Boeing 777 za Emirates na Qatar, daraja la kawaida lina siti 10 kwa mstari, kila moja ikiwa na upana wa karibu inchi 17. Kwenye A350 za Qatar na Ethiopian ziko 9 kwa mstari, zenye karibu inchi 18. Inchi moja ni kitu kidogo mchana, lakini saa 8 bega kwa bega na mtu mwingine inahesabika.

Hewa nayo ni tofauti. Ndani ya 787 na A350, hewa inawekwa kama ya mahali penye mwinuko wa mita 1,800 hivi, yaani kama Nairobi. Ndege nyingi za zamani zinafika karibu mita 2,400, kama Addis Ababa. Wengi huona wanashuka wakiwa na uchovu mdogo zaidi.

Ila shirika lina haki ya kubadili ndege, kwa hiyo hili lisiwe sababu pekee ya kuchagua.

4. Visa ya kupita

Hili linaweza kufuta safari nzima kabla haijaanza. Uwanja wowote wa Marekani hauna kupita bila visa, hata kama abiria anabadili ndege tu. Kwa London, mwenye pasi ya Tanzania au Kenya kwa kawaida anatakiwa kuwa na visa ya kupita, isipokuwa akiwa na kibali kinachomsamehe, mfano visa halali ya Marekani.

Hatari inaongezeka kwa tiketi mbili zilizonunuliwa mbalimbali. Mara nyingi abiria analazimika kutoka nje, kuchukua begi na kulikabidhi upya, yaani anaingia nchini kabisa na anahitaji visa ya kuingia. Ndege ya kwanza ikichelewa, shirika la pili halina deni naye. Tiketi moja yenye vipande vyote inamlinda.

5. Ndege ikichelewa

Kuna sheria ya Umoja wa Ulaya, namba 261 ya mwaka 2004, ambayo inafanya tiketi mbili zinazofanana bei zisifanane thamani. Akiruka Nairobi kwenda Amsterdam na KLM, akafika akiwa amechelewa saa 4 au zaidi kwa kosa la shirika, abiria anaweza kudai euro 600. Hali mbaya ya hewa haihesabiwi.

Akienda Amsterdam na shirika la Ghuba kupitia Dubai au Doha, sheria hiyo haimhusu wakati wa kwenda. Lakini wakati wa kurudi, akiwa anaondokea Ulaya, inamhusu hata kama shirika si la Ulaya.

Kabla ya kutuma pesa

Anayekata tiketi kwa wakala wa WhatsApp aombe majibu ya maandishi kwa maswali manne: Mabegi mangapi na kilo ngapi? Ni tiketi moja au mbili? Nikibadili tarehe nakatwa kiasi gani? Ninapopita nahitaji visa? Majibu ayapige picha ya skrini na kuyatunza. Wakala anayekwepa hata swali moja, pesa isitumwe kwanza.