Wi-Fi ikikwama usiku, chunguza ploti yako kwanza

SAA tatu usiku, uko kwa keja yako Pipeline, Embakasi. Unahojiwa mtandaoni kwa kazi ya mteja aliye Marekani. Swali la tatu halijaisha, uso wake unaganda. Ukirudi hewani, ameshamhamia mwingine.

Wengi wetu huzima ruta, huiwasha, kisha humtusi mtoa huduma. Kuizima si kosa. Subiri nusu dakika hivi kabla ya kuiwasha. Lakini ukilazimika kufanya hivyo kila jioni, kuna jambo.

Tazama taa. Kama unatumia faiba na ile taa iliyoandikwa LOS inawaka nyekundu, mwanga haukufikii. Faiba ni uzi wa glasi, si waya wa stima. Ukiukunja kwa kona kali, tuseme nyuma ya kabati ulilosukuma wikendi, mwanga unavuja. Hapo piga simu, usijifanye fundi.

Taa zikiwa sawa, unganisha laptopu na ruta kwa kebo, tena saa hizo hizo za usiku. Kebo ikisumbua pia, haya, mlaumu mtoa huduma. Lakini kebo ikiwa shwari na Wi-Fi inakatika, shida iko kwa hewa ya ploti yenu.

Na hewa yenyewe imejaa kweli. Masafa ya 2.4 GHz yana chaneli nyingi, ila ni tatu tu, yaani 1, 6 na 11, ambazo huwa tunazitumia pamoja bila kugongana. Sasa hesabu milango ya ploti yenu, orofa kwa orofa, kisha uongeze ile ya jirani ambayo unaweza kuigusa ukiwa dirishani. Ni matatu zote za Outer Ring kwenye leni tatu, na jioni kila mtu amerudi nyumbani.

Dawa? Hamia 5 GHz kama ruta yako inayo. Masafa hayo hayapenyi kuta vizuri, na kwa bedsita huo udhaifu ni baraka: ya jirani pia hayakufikii sana. Aliye Buruburu kwenye nyumba ya ghorofa huenda akabaki na 2.4 kwa vyumba vya juu. Basi apakue programu ya kuonyesha chaneli, achague kati ya zile tatu iliyo na watu wachache. Anwani ya kuingilia mipangilio huandikwa chini ya ruta. Ukiwa humo, badilisha paswadi ya kiwandani, maana vijana wa ploti wanaijua kukuliko.

Halafu itoe ruta nyuma ya TV. Iweke mbali na maikrowevu pia, kwani hiyo hutumia masafa yale yale ya 2.4.

Siku ya mahojiano, chomeka kebo. Weka bando kwa simu, na simu iwe na chaji: stima ikipotea laptopu itabaki, lakini ruta itazimika.