Vazi la Baharia (3): Nusu Pima ya Utepe Mweusi

Turubai tunalolifunga uani siku ya arusi au msiba lina asili ya baharini. Neno lenyewe tumelitoa kwa Waingereza, na huko kwao lilikuwa jina la nguo nzito iliyopakwa lami isipenye maji. Zamani hizo hata baharia waliweza kumwita hivyo hivyo, turubai, maana tangu kofia hadi koti alinuka lami.

Juma lililopita tuliwaona mabaharia wa manowari, ambao Uingereza iliwawekea sare rasmi mwaka 1857. Mwenzao wa merikebu ya biashara hakuvishwa na mtu. Alipanda chomboni na alichonacho. Kilichochanika alikishona mwenyewe kwa sindano ile ile ya kushonea matanga. Kilichokwisha kabisa alikinunua kwenye kasha la nahodha, bei ikikatwa katika mshahara wake safari ilipomalizika.

Ingawa hakukuwa na amri, walifanana. Kazi ndiyo iliyowashonea. Koti lilikuwa fupi, kwa sababu ncha ndefu hunaswa na kamba. Suruali ya marudufu ilibana kiunoni ili isimame bila kanda za mabegani, ikapanuka miguuni ili ikunjwe hadi magotini wakati wa kuosha sitaha. Kisu kilikaa mgongoni, ndani ya ala, mahali ambapo mkono wowote ungekifikia. Nguo ya mvua ilipakwa mafuta ya kitani, ikaanikwa, ikapakwa tena, mpaka maji yakateleza juu yake.

Yalikuwepo na mapambo. Agosti 1834 Richard Henry Dana, mwanafunzi wa Harvard ambaye surua ilimdhoofisha macho, alipanda merikebu Pilgrim bandarini Boston kwenda California akiwa baharia wa kawaida. Alivua koti la kubana na glavu laini, akavaa suruali pana, shati la mirabaraba na kofia nyeusi inayong'aa. Baadaye aliandika kwamba hakuna mgeni awezaye kuiga mavazi hayo: kofia hukaa kisogoni, na nusu pima ya utepe mweusi huning'inia juu ya jicho la kushoto. Kijana alijiona amekamilika. Wenzake walimtambua mara moja, kwani mkono wake ulikuwa laini. Wao walitembea wakipepesuka kama wako kwenye mawimbi, viganja vimekunjika nusu, tayari kushika kamba.

Basi nguo hununuliwa, ubaharia haununuliki. Jambo hilo lilidhihirika vibaya zaidi katika suala la vitambulisho. Manowari za Uingereza zilikuwa zikisimamisha merikebu za Marekani na kuwakamata mabaharia kwa nguvu, kwa madai kwamba ni raia wa Uingereza waliotoroka. Mwaka 1796 Bunge la Marekani likapitisha sheria ya kuwapa mabaharia hati za uraia. Lakini hati ilikuwa karatasi, na karatasi ikauzwa vilabuni. Maofisa wa Uingereza wakaacha kuziamini.

Hapo ndipo chale zilipopata kazi. Baharia alichanjwa na mwenzake kwa sindano, jeraha likasuguliwa baruti au masizi: nanga, moyo, msalaba, mara nyingi herufi za jina lake na mwaka. Makarani waliojaza hati waliandika alama hizo pamoja na kimo na rangi ya mwenye hati. Aliyeinunua kwa mwingine angetakiwa pia aoneshe nanga kwenye mkono uliotajwa. Lile pambo alilochanjwa kwa ajili ya urembo likawa shahidi wake, shahidi asiyepotea hata chombo kizame na kasha lake la nguo.

Juma lijalo tutafuata merikebu za Salem hadi Unguja, zilikopakua kitambaa ambacho wapwani walikiita merikani.