Kwa Nini Spiriti Huchanganyika na Maji na Mafuta ya Taa Hukataa?

Katika kipindi kimoja cha Kiswahili cha taaluma mbalimbali hapa Gisenyi, tuliweka mezani chupa mbili za maji. Katika ya kwanza tulitia spiriti, katika ya pili mafuta ya taa, kisha tukazitikisa zote. Spiriti ilipotelea ndani ya maji. Mafuta ya taa yalirudi juu yakaelea. Tuliwaomba wanafunzi wetu, ambao kesho watakuwa walimu, waeleze sababu kwa Kiswahili. Wengi walijibu: "Mafuta ni mepesi kuliko maji."

Jibu hilo si sahihi, na mwalimu akilipeleka darasani litarithiwa na watoto wengi. Lita moja ya mafuta ya taa ina uzito wa kilo 0.8 hivi. Lita moja ya ethanoli, ambayo ndiyo kiini cha spiriti, ina kilo 0.79. Vimiminika hivi viwili vinakaribiana sana kwa wepesi, lakini tabia zao majini ni tofauti kabisa. Wepesi unaeleza kwa nini mafuta hukaa juu badala ya chini. Hauelezi kwa nini hayachanganyiki.

Kabla ya kuendelea, tutenganishe maneno mawili. Katika mazungumzo ya kawaida tunasema barafu imeyeyuka na sukari imeyeyuka. Katika sayansi, barafu huyeyuka kwa joto, lakini sukari humumunyika katika chai. Kinachomumunyisha kingine ni kimumunyishi. Maji ni kimumunyishi. Ethanoli, asetoni na petroli pia ni vimumunyishi.

Sasa turudi kwenye chupa zetu. Molekuli ya maji ina atomu moja ya oksijeni na mbili za hidrojeni. Upande wa oksijeni una chaji hasi kidogo, na upande wa hidrojeni chaji chanya kidogo. Kwa hiyo molekuli za maji huvutana, kila moja ikiwashika jirani zake. Mgeni anayetaka kuingia kati yao sharti awe na mahali pa kushikwa.

Ethanoli inapo mahali hapo: kichwa chenye oksijeni na hidrojeni kama cha maji, na mkia mfupi wa kaboni mbili. Ndiyo maana huchanganyika na maji kwa kiasi chochote. Asetoni, inayotumika kuondolea rangi ya kucha, nayo huchanganyika kwa kiasi chochote, kwa kuwa oksijeni yake hushikwa na hidrojeni za maji. Mafuta ya taa ni kaboni na hidrojeni tupu. Hayana pa kushikwa, hivyo maji huendelea kushikana yenyewe na kuyaacha nje.

Urefu wa mkia nao una uzito wake. Butanoli ina kichwa kilekile cha ethanoli, lakini mkia wake ni wa kaboni nne. Lita moja ya maji humumunyisha gramu 70 hivi tu. Heksanoli, yenye kaboni sita, hufikia gramu 6 hivi. Tukiondoa kichwa chenyewe tukabaki na heksani, kiasi hushuka hadi miligramu 10 hivi.

Kanuni hii inaonekana hata katika Ziwa Kivu lililo mbele yetu. Maji yake ya kina kirefu yamebeba gesi mbili kwa wingi: methani na hewa ya ukaa. Methani ni ya ukoo wa mafuta ya taa, kaboni na hidrojeni tupu. Hewa ya ukaa ina oksijeni, nayo humumunyika katika maji zaidi ya mara 20 kuliko methani kwa mgandamizo uleule. Maji ya chini yanapopandishwa kwa bomba, mgandamizo hupungua na gesi hutoka kama mapovu. Methani hukimbia upesi zaidi, na sehemu kubwa ya hewa ya ukaa hubaki majini. Ile inayotoka pamoja na methani hupunguzwa kwa kuiosha gesi hiyo kwa maji. Kwa njia ya namna hiyo kiwanda cha bia cha Bralirwa hapa Gisenyi kilipata nishati ya ziwa kuanzia miaka ya 1960, na mtambo wa KivuWatt huko Karongi, wa megawati 26, ulizinduliwa mwaka 2016.

Kiswahili kilifanywa lugha rasmi nchini Rwanda mwaka 2017. Wajibu wetu walimu wa lugha ni kuhakikisha kwamba kinaeleza sababu za mambo kwa usahihi. Tunawashauri wenzetu wajaribu chupa hizi mbili darasani, mbali na moto, na wasikubali jibu la wepesi. Waulize: je, kitu hiki kina mahali pa kushikwa na maji, na mkia wake una urefu gani?