Hesabu za chuo kikuu: kwa nini mwaka wa kwanza unashinda hata watoto wenye akili?

Kila mwaka, matokeo ya mtihani wa serikali yakishatoka, kuko watoto wa Sange, Luvungi na Kiliba wanaopanda gari kwenda Bukavu na diploma mkononi. Wale wanaopenda hesabu, mlango unaojulikana sana ni ISP Bukavu, chuo kikuu kinachofundisha walimu, mu idara ya Mathématique-Physique. Mwaka unapita, mtoto anarudi na pointi mbaya, na nyumbani maneno yanaanza: alikuwa wa kwanza mu darasa, sasa feza ya minerval imeenda bure, bila shaka alikuwa anatembea tu mjini.

Kuko wanaotembea, hatukatai. Lakini kuko sababu ingine ambayo wazazi hawaelezwi: hesabu za kule siyo zile za huku.

Mu sekondari, mwanafunzi anapewa kanuni, anaweka namba, anapata jibu. Ku chuo kikuu wanamwambia: thibitisha. Tuchukue mfano mdogo. 3 na 5 ni 8. 7 na 9 ni 16. Namba mbili zisizogawanyika kwa mbili, ukizijumlisha, unapata namba inayogawanyika kwa mbili. Mtoto wa sekondari atajaribu mara tano, ataona inakubali, atafunga daftari. Profesa atamuuliza: na zile namba ambazo haukujaribu? Inabidi aseme hivi: namba ya namna hiyo ni jozi kadhaa na moja linalobaki. Ukiweka mbili pamoja, yale mawili yaliyobaki yanafanya jozi yao. Hakuna kinachobaki. Kwa maneno hayo machache amejibu kwa namba zote za dunia, bila kujaribu hata moja.

Kwa nini kujaribu hakutoshi? Kuko mfano unaotoka kwa Euler, mtaalamu wa Uswisi wa karne ya 18. Chukua namba, izidishe kwa ile inayoifuata, kisha ongeza 41. Ukianza na 1 unapata 43; ukianza na 2, 47; ukianza na 3, 53. Zote ni namba zisizogawanyika ila kwa 1 na kwa zenyewe. Endelea mpaka 39, inakubali kila mara. Ukifika 40, inaanguka: 40 mara 41, ongeza 41, ni 41 mara 41, yaani 1681. Mara 39 ilikubali, ya 40 imekataa. Mtoto aliyezoea kujaribu na kuamini, hapo njo anapotea.

Somo lingine la mwanzo ni aljebra lineari. Jina linatisha, lakini mama wa soko anaijua. Tuseme umenunua kilo 2 za mchele na kilo 1 ya maharage kwa franga 8 500. Jirani amenunua kilo 1 ya kila kimoja kwa franga 5 500. Toa moja ku ingine, unaona mchele ni 3 000, basi maharage ni 2 500. Lakini kama jirani alinunua kilo 4 za mchele na 2 za maharage kwa 17 000, hautajua kitu, juu alichukua mara mbili ya vyako tu, hakukuletea habari mpya. Ku chuo kikuu swali haliko tu “bei ni ngapi?” Swali ni: jibu liko? Ni moja ao mengi? Na utajuaje wakati vitu ni mia moja badala ya viwili?

Kiisha kuko analizi, ambayo inarudia limiti na derive za mwaka wa sita lakini inadai uthibitisho wa kila hatua. Kuko takwimu, mekanika, umeme, na maabara. Ku ISP wanaongeza pedagojia na stage, ambapo mwanafunzi anasimama mbele ya darasa la kweli na chaki.

Sasa neno “lisansi”, ambalo linachanganya watu. Zamani mtu alisoma gradua miaka 3, kisha lisansi miaka 2, jumla 5. Tangu mwaka wa masomo 2021-2022, inchi yetu iliingia mu mfumo wa LMD kuanzia mwaka wa kwanza. Lisansi ya leo ni miaka 3, masta inafuata kwa miaka 2. Kwa hiyo lisansi ya mwalimu mzee na lisansi ya mtoto wako, jina ni moja, miaka siyo moja.

Lisansi hiyo mpya iko na krediti 180, yaani 60 kila mwaka. Krediti moja ni saa 25 za kazi, ndani ya oditwari na nje yake. Piga hesabu: ni saa 1 500 kwa mwaka. Saa nyingi kati ya hizo ni za kukaa peke yake na daftari, na mtoto anayelala chumba kimoja na watu sita, bila umeme usiku, atazitoa wapi? Kwa maoni yetu, mzazi anayelipa minerval na kusahau taa amelipa nusu.

Na mwalimu wa hesabu wa mwaka wa sita haokotwi barabarani. Akipatikana, anaweza kufundisha miaka bila kuingia ku listi ya mshahara wa serikali, akiishi kwa feza ya wazazi, kwani masomo ya bure yaliyoanza 2019 ni ya shule ya msingi tu. Watoto wanaona hayo, na wengine wanabadilisha idara mapema.

Kama wako amerudi na matokeo mabaya, usianze na fimbo ya maneno. Mwombe ile karatasi ya pointi, muisome pamoja. Mu mfumo wa LMD, krediti alizokwisha kupata hazipotei. Anarudilia zile zinazokosekana. Tazameni ni somo gani, ni krediti ngapi, kisha aende kuuliza ku sekretarieti ya idara mbele ya siku ya kujiandikisha upya.